Kiti Kwanza, Tanga Baadaye

Asubuhi ya tarehe 23 Agosti 2005 mashua yenye mlingoti mmoja ilitoka bandari ya Dover, kusini mwa Uingereza, ikaelekeza omo Ufaransa. Chomboni alikuwamo mtu mmoja tu. Hilary Lister, mwenye miaka 33, alikuwa ameketi kitini, mikono imelala, miguu imelala. Katika mwili wake wote, vilivyobaki kumtii ni kichwa, macho na mdomo. Mbele ya uso wake palikuwa na mirija ya usukani na ya matanga. Akipuliza, mashua inakuja upande mmoja. Akifyonza, inakwenda upande wa pili. Baada ya saa sita na dakika 13 alifika Calais, akawa mtu wa kwanza aliyepooza mikono na miguu kuvuka mlango ule wa bahari kwa tanga akiwa peke yake.

Mashua yake ilikuwa ya aina ya Soling, ambayo mabaharia wazima waliishindania kwenye Olimpiki kwa miaka mingi. Upepo haukupunguzwa kwa ajili yake, wala meli za mizigo zinazopishana katika njia ile hazikusimama kumngoja. Bahari ilibaki bahari. Kilichobadilishwa ni chombo, na sura hii inahusu mabadiliko hayo: nani aliyafanya, kwa vifaa gani, na kwa nini baadhi yake ni rahisi kiasi kwamba fundi yeyote wa pwani angeweza kuyatengeneza karakanani kwake.

Lister alizaliwa mwaka 1972. Ugonjwa wa neva uliomwanza utotoni ulimnyang'anya miguu kwanza, kisha mikono. Alisoma biokemia Chuo Kikuu cha Oxford, akataka kuendelea hadi udaktari wa falsafa, mwili ukakataa. Mwaka 2003 alipelekwa kwenye ziwa dogo jimboni Kent, akapakiwa kwenye kidau chenye tanga. Miaka miwili baadaye alikuwa Calais. Mwaka 2007 alikizunguka Kisiwa cha Wight, na mwezi Agosti 2009 alikamilisha safari ya kuizunguka Uingereza yote peke yake, baada ya jaribio la mwaka uliotangulia kukatizwa na hali mbaya ya hewa na hitilafu za mitambo.

Mirija yenyewe haina siri kubwa. Pumzi hubadilisha shinikizo la hewa ndani ya mrija. Kihisio kidogo hulitambua badiliko hilo. Swichi hufungua umeme wa betri. Mota huvuta kamba au husukuma kana ya usukani. Ugumu uko kwenye mambo madogo yanayouzunguka mfumo huo. Baharia akikohoa, mashua isigeuke. Mrija ukiingia maji ya chumvi, usizibe. Betri ikiisha, pawe na nyingine, na mtu aliyeko kwenye boti ya usalama aweze kuufikia usukani kwa mkono. Maji ya bahari hula nyaya za shaba bila huruma, na kila mota inayoongezwa ni kitu kimoja zaidi kinachoweza kugoma katikati ya mawimbi.

Natasha Lambert wa Cowes, katika Kisiwa cha Wight, aliupata mfumo wake nyumbani. Alizaliwa na mtindio wa ubongo wa aina inayoufanya mwili ujirushe bila kutaka, hivyo kijiti cha mkononi kisingemfaa hata kidogo. Baba yake, mtu wa fani ya elektroniki, alimtengenezea mfumo wa kufyonza na kupuliza unaoendana na pumzi na ulimi wake. Kwa mfumo huo alikizunguka kisiwa chao mwaka 2012, akavuka kwenda Ufaransa mwaka uliofuata, na mwishoni mwa mwaka 2020 akavuka Atlantiki pamoja na familia yake kwa chombo chenye viunzi viwili sambamba. Hapo ndipo ubunifu mzuri unapozaliwa mara nyingi: mtu anayeujua mwili mmoja kwa undani anakaa chini na bisibisi, anajaribu, anakosea, anajaribu tena.

Wapiga picha huipenda mirija. Wabunifu wazoefu huuliza kwanza habari za kiti.

Mtu aliyevunjika uti wa mgongo anaweza kukaa juu ya skrubu iliyochomoza kwa saa mbili asihisi lolote. Akishuka pwani, ngozi imeshachanika, na kidonda cha namna hiyo kinaweza kumlaza hospitali miezi kadhaa. Kwa hiyo kiti cha mashua lazima kiwe na mto unaogawanya uzito, kingo za mviringo, na pasiwepo kamba inayopita chini ya paja. Aliyeumia sehemu ya juu ya uti wa mgongo aghalabu hatoki jasho chini ya mahali alipoumia, na mwili wake huchemka juani na kuganda kwenye baridi haraka kuliko wa mwenzake. Kivuli, maji ya kujinyunyizia na nguo kavu ni vifaa vya chombo sawa na dira. Kisha kuna mkanda. Asiye na nguvu za kiwiliwili anahitaji kushikiliwa ili chombo kikiinama asianguke ubavuni, lakini mtu aliyefungwa kwenye chombo kinachozama amehukumiwa kifo. Ndiyo maana mikanda hufungwa kwa vitambaa vinavyonata, aina ile ya kwenye viatu vya watoto, inayoachia kwa mvuto mmoja. Jaketi okozi nalo huchaguliwa liwe na uwezo wa kumgeuza mtu aliyeanguka kifudifudi hadi akae chali, kwa sababu mwenyewe hawezi kujigeuza.

Na kabla ya haya yote, anaingiaje chomboni? Katika vilabu vingi duniani kazi hiyo hufanywa na winchi ndogo ya gatini na mkanda mpana wa turubai unaopita chini ya mapaja na mgongo. Mtu ananyanyuliwa kutoka kiti chake cha magurudumu, anazungushwa juu ya maji, anashushwa. Wakati huo ndio wa hatari kubwa kuliko yote ya siku nzima, na mbunifu anayeusahau anakuwa amebuni chombo cha kutazamwa kutoka gatini.

Sasa chombo chenyewe. Mashua ndogo ya kawaida ya mashindano hudai mengi kwa baharia wake: ashike kana kwa mkono mmoja na demani kwa mkono wa pili, atoe kiwiliwili nje upande wa joshi ili kupambana na upepo, na kila anapobisha ainame chini ya mti wa tanga unaopita kwa kasi, kisha avuke upande wa pili kwa magoti. Yeyote aliyezoea ngalawa anaujua mchezo huo. Uzito wa mwili wa baharia ndio farumi, na farumi hiyo lazima ihame kila mara.

Ondoa hitaji la kuhama, mambo yanabadilika. Weka uzito chini, kwenye mkuku, na chombo kitasimama chenyewe. Mweke baharia katikati, ameelekea omo, chini kabisa, na hatakuwa na sababu ya kwenda popote. Inua ule mti upite juu ya kichwa chake. Leta kamba zote mbele ya mikono yake. Hakuna umeme hata kidogo katika orodha hiyo. Ni roda, kamba, risasi au chuma, na kuwaza.

Msweden Peter Norlin alifanya hivyo kwa mashua iitwayo 2.4mR, ijapokuwa haikukusudiwa kuwa ya walemavu. Ni chombo cha mtu mmoja chenye urefu wa mita 4 na ushei. Uzani wake ni takriban kilo 260, na zaidi ya nusu ya hizo ni risasi iliyoko chini. Baharia huzama ndani yake hadi mabegani, anasukuma usukani kwa kanyagio za miguu au, kama miguu haifanyi kazi, kwa wenzo wa mkono. Ukikitazama chombo kwa mbali huwezi kumtofautisha aliyekatwa miguu na bingwa mwenye miguu miwili, na katika mashindano ya aina hiyo wote huanza kwenye mstari mmoja. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hicho ndicho kipimo kigumu na cha haki cha kifaa chochote cha michezo kwa mtu mwenye ulemavu: je, mwenzake asiye na ulemavu atakitaka pia?

Chris Mitchell wa Australia alikipita kipimo hicho kwa njia nyingine. Vyombo vyake, vilivyoanza kuonekana miaka ya 1990 kwa jina la Access na leo vinaitwa Hansa, ni vidogo, vya fiberi, na bei yake ni sehemu tu ya bei ya mashua za mashindano makubwa. Kile cha mita 2.3 ni cha mtu mmoja. Kile cha mita 3.03 huchukua wawili bega kwa bega. Kiti ni kitambaa kilichotandazwa kama machela, hivyo mwili unakumbatiwa bila kubanwa. Badala ya kana kuna kijiti kilichosimama katikati: unakisukuma unakotaka kwenda na chombo kinakwenda huko, tofauti na kana, ambayo humtaka mwanafunzi afikiri kinyumenyume. Tanga linaweza kuzungushwa kwenye mlingoti wake kwa kuvuta kamba moja, likapungua hadi kuwa leso upepo unapokaza, na baharia hajanyanyuka. Chini kuna ubao wenye uzito unaokizuia chombo kupinduka.

Mtoto wa miaka minane anaweza kukiendesha, na bibi wa miaka 80 pia. Mitchell alilenga hivyo. Kwa wale ambao mikono haina nguvu ya kuvuta kamba, alibuni cha mita 3.6, kiitwacho Liberty, ambacho kinaweza kufungwa mota za kukunja tanga na kugeuza usukani kwa kijiti kidogo kama kile cha kiti cha magurudumu cha umeme. Kwanza chombo, kisha umeme kwa anayeuhitaji. Mpangilio huo ni wa busara, na gharama yake inapungua kwa kila asiyeuhitaji.

Vancouver, upande wa magharibi wa Kanada, walifika hapo kwa njia yao. Sam Sullivan alivunjika shingo akiteleza kwenye theluji akiwa na miaka 19. Mwaka 1989 alianzisha chama cha kuwapeleka watu wenye ulemavu majini, na katikati ya miaka ya 1990 mbunifu Don Martin akachora kwa ajili yao mashua ya futi 16 iliyopewa jina lake, Martin 16. Ina mkuku mzito, kiti cha mbele kwa nahodha na cha nyuma kwa mwalimu, ambaye anaweza kuushika usukani mambo yakiharibika. Mafundi wa Kanada waliongeza winchi za umeme, kisha mfumo wa kupuliza na kufyonza. Mtu anayepumulia mashine aliweza kwenda baharini. Sullivan mwenyewe alichaguliwa kuwa meya wa jiji hilo mwaka 2005.

Kwa asiyeona tatizo ni jingine kabisa. Mikono inafanya kazi, kiwiliwili kinafanya kazi, na upepo anausikia shavuni pengine kuliko anayeona. Anachokosa ni mahali: boya liko wapi, mpinzani yuko wapi? Katika Ziwa Garda, Italia, Alessandro Gaoso alianzisha miaka ya 1990 mradi wa Homerus, ambao uliyapa maboya sauti, kila boya na mlio wake. Mashua nazo hutoa milio inayobadilika kulingana na upande ambao tanga limelalia, kwa kuwa sheria za baharini humtaka mmoja ampishe mwingine kutegemea upande huo. Mashua mbili zenye wasioona pekee hushindana, hakuna mwenye macho ndani. Ukisimama ufukweni, unasikia mbio nzima hata ukifumba macho.

Mjapani Mitsuhiro Iwamoto, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa kijana, alijaribu kuivuka Pasifiki mwaka 2013. Mashua ikagongana na nyangumi, ikazama, akaokolewa. Alirudi tena. Tarehe 24 Februari 2019 aliondoka San Diego na mwenzake Doug Smith, mwenye macho lakini asiye na uzoefu mkubwa wa tanga, na tarehe 20 Aprili wakafika Fukushima bila kutia nanga njiani. Mmoja alikuwa macho, mwingine alikuwa baharia.

Wakati mwingine kifaa kinachohitajika ni kimoja tu. Mfaransa Damien Seguin alizaliwa bila kiganja cha kushoto. Alishinda dhahabu ya Paralimpiki katika 2.4mR huko Athens mwaka 2004 na Rio mwaka 2016, kisha akajiandikisha kwenye Vendée Globe, mbio za kuizunguka dunia peke yake bila kusimama popote. Katika mashua yenye kamba nyingi, badiliko lililomhusu lilikuwa kikombe kilichofungwa kwenye mkono wa winchi ili aingize kigutu chake humo na kuzungusha kwa mikono miwili kama wengine. Alimaliza wa 7 mwaka 2021.

Waingereza walifikiria makubwa zaidi. Shirika la Jubilee Sailing Trust, lililoanzishwa mwaka 1978, lilijenga meli mbili za milingoti mitatu, Lord Nelson iliyoshushwa majini mwaka 1985 na Tenacious ya mwaka 2000, ambayo ni ya mbao na ilijengwa Southampton na watu wenye ulemavu na wasio nao wakishika randa pamoja. Sitaha zilikuwa pana na tambarare, kulikuwa na lifti kati ya ghorofa, dira iliyosema kwa sauti, alama za kupapasa kwenye vishikio zikimwonyesha asiyeona upande wa omo. Mtu alinyanyuliwa hadi juu mlingotini akiwa ndani ya kiti chake cha magurudumu. Nusu ya mabaharia walikuwa na ulemavu, na kila mmoja alipangiwa zamu. Mwaka 2023 shirika lilifunga shughuli zake kwa kukosa fedha. Hasara hiyo inauma, na ina somo la kiuhasibu: meli kubwa inakula hela hata ikiwa imefungwa gatini, ilhali vidau 20 vya mita tatu vinaweza kungoja ghalani.

Suala la bei limeugharimu mchezo huu nafasi yake ya juu. Mashindano ya tanga yaliingia Paralimpiki kwa majaribio Atlanta mwaka 1996 na kwa medali kamili Sydney mwaka 2000. London mwaka 2012, Helena Lucas, aliyezaliwa bila vidole gumba, aliipa Uingereza dhahabu katika 2.4mR. Waaustralia Daniel Fitzgibbon, aliyepooza mikono na miguu, na Liesl Tesch walitwaa dhahabu ya mashua ya watu wawili, SKUD 18, mwaka huo na tena Rio. Kisha mlango ukafungwa. Januari 2015 Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki ilitangaza kuwa mchezo huo hautakuwemo Tokyo, kwa kuwa haujaenea katika nchi za kutosha. Haukuwemo Paris pia, na hauko kwenye orodha ya Los Angeles ya mwaka 2028.

Uamuzi ule uliwaumiza wengi, lakini sababu yake haikuwa ya uongo. Mashua za kaboni na risasi hazifiki nchi maskini. Tangu hapo shirikisho la kimataifa la mchezo huu limeweka nguvu nyingi kwenye Hansa ya mita 3.03, kwa sababu inabebeka, inapangika na inanunulika. Oman, kupitia mpango wa SailFree wa shirika la Oman Sail, imeshawafundisha watu wenye ulemavu kuendesha vyombo hivyo. Na jina la Lister linarudi hapa. Machi 2014, akiwa na Nashwa Al Kindi wa Oman, alisafiri kutoka Mumbai hadi Muscat, maili 850 hivi za bahari, kwa mirija yake na chombo chenye viunzi vitatu. Maji hayo ni ya majahazi. Mababu wa wasomaji wengi wa kitabu hiki waliyapita wakiwa na tende na boriti za mikoko, wakingoja kaskazi na kusi. Lister alifariki Agosti 2018, akiwa na miaka 46.

Viunzi vitatu: neno hilo linastahili kutazamwa vizuri. Mwaka 2007 Mwingereza Geoff Holt, aliyevunjika shingo mwaka 1984 alipopiga mbizi ufukweni katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, aliizunguka Uingereza kwa siku 109 ndani ya chombo cha futi 15 kiitwacho Challenger. Mwili mwembamba katikati, baharia ameketi ndani yake, na viunzi viwili vidogo kulia na kushoto vinavyokizuia kupinduka. Hakihitaji mkuku mzito wala risasi. Upana wake ndio farumi yake. Miaka michache baadaye, Januari 2010, Holt alivuka Atlantiki kwa chombo kikubwa kilichojengwa kwa ajili ya kiti cha magurudumu, akatia nanga kwenye ufukwe uleule alikoumia.

Mtu wa Zanzibar, Bagamoyo au Tanga akionyeshwa picha ya Challenger hatauliza ni kitu gani. Ataona ngalawa na mirengu yake. Umbo ambalo wahandisi wa Ulaya walilifikia wakitafuta chombo kisichopinduka kwa mtu asiyeweza kuhamisha uzito wake limelala mchangani pwani yote hii, limetengenezwa kwa mwembe na shoka na tezo. Kinachokosekana ndani yake ni kiti chenye mgongo na mto, mkanda unaoachia upesi, roda mbili za kuileta demani mbele ya mkono, na usukani unaoendeshwa kwa kijiti. Fundi seremala anaweza kuvipata vyote hivyo; anachokosa ni mteja wa kumwomba.

Basi ombi ni kwa wawili. Fundi wa ngalawa, atakapokujia mtu mwenye kiti cha magurudumu, mpime mgongo na mapaja kabla hujapima mbao. Nawe uliye na kiti hicho na uliyeambiwa tangu utotoni kuwa bahari si yako, mwendee fundi huyo.